Bei ya gesi imepanda: nirudi nilikotoka?

Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mtu kahama kutoka makaa kwenda gesi, au kutoka gesi ya kampuni hii kwenda ya kampuni ile, na kabla hajafaidi unafuu wake bei ikapanda. Wengine wanalalamikia mita. Tumejibu zile zenye mambo yatakayomfaa na jirani. Bei za shilingi tunazotaja kwenye hesabu ni za mfano tu; weka mahali pake bei za dukani kwako.

Assalamu alaykum. Nilikuwa nikitumia mtungi wa kilo 15 wa kampuni moja. Duka la karibu likaleta gesi ya kampuni nyengine, rahisi kwa shilingi 3,000, nikabadilisha. Kufika mtungi wa tatu bei ikapanda mpaka ikaipita ile ya zamani. Na hii mpya naiona inakwisha upesi. Nirudi? — Mama wa watoto watano, Kiembesamaki

Waalaykumu salaam, mama. Usirudi kabla ya kupima. Una malalamiko mawili, na la kwisha upesi ndilo linaloweza kukula pesa nyingi bila ya kuliona.

Kila mtungi umegongwa namba kwenye ukosi au shingoni. Tafuta herufi TW. Huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Ukikuta TW 15.6, mtungi huo ukijazwa kilo 15 za gesi unatakiwa usome 30.6 kwenye mizani. Soma namba ya mtungi ule ule unaopewa, kwa sababu mitungi miwili ya kampuni moja na ya saizi moja huweza kupishana uzito. Pima dukani mbele ya muuzaji, kabla hujatoa pesa. Duka lisilokuwa na mizani, au lenye mizani "iliyoharibika" kila siku, liache. Kwa nyumbani inatosha ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari, inayofika kilo 40 au 50. Gramu mia moja zikipungua huenda ikawa ni mizani. Nusu kilo ikipungua, hiyo ni gesi. Kwa mtungi wa shilingi 60,000, nusu kilo ni shilingi 2,000, na hapo theluthi mbili ya ule unafuu uliokuhamisha imeshaondoka.

Pima pia unaporudisha mtungi "mtupu". Ikiwa TW ni 15.6 na mizani inasoma 16.0, unarudisha dukani gramu 400 za gesi uliyokwisha kuilipia. Hutokea khasa kwa anayepika kwa moto mkubwa kwenye mtungi mdogo. Gesi ikitoka kwa kasi huufanya mtungi uwe baridi, presha inashuka, moto unanyong'onyea, na mpishi anadhani imekwisha. Uache mtungi upumzike saa moja mbili urudi joto lake, halafu uendelee kupika kwa moto mdogo. Usiulaze, wala usiumwagie maji ya moto.

Uzito ukiwa sawa na gesi bado inakwisha mbio, tafuta panapovuja. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo, chukua brashi au sponji, upake kwenye vali, kwenye kiungo cha regyuleta, miisho yote miwili ya mpira na kwenye swichi za jiko. Fungua gesi, jiko likiwa limezimwa. Povu likivimba, hapo ndipo. Njiti ya kiberiti si kipimo, hata kwa fundi mzoefu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala chini sakafuni na huingia hata chini ya kitanda cha chumba cha pili. Ukisikia harufu funga vali, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote ya umeme, iwe kuwasha au kuzima.

Kwa aliyebadilisha kampuni, mahali pa kutilia shaka mwanzo ni regyuleta. Vali za mitungi hazifanani zote. Zile za kubonyeza zina vipimo vyake, zikiwemo za milimita 20 na za milimita 22, na regyuleta ya moja haikai sawasawa kwenye nyengine. Ikibidi kuisukuma kwa nguvu, au ikikaa lakini inachezacheza, si yake. Baadhi ya mafundi huzungusha tepu nyeupe kwenye kiungo hicho. Haisaidii kitu. Kinachozuia gesi pale ni kipete cha mpira kilichomo ndani ya vali, na kikiwa kimekauka, kimekatika au hakipo, mtungi unarudi dukani. Tizama pia maandishi ya regyuleta yenyewe: majiko ya nyumbani yanataka presha ya millibari 28 hadi 30. Zile za presha kubwa, za majiko ya shughuli, zikifungwa kwenye jiko la nyumbani moto huruka juu ya kichwa cha jiko na gesi inapotea bure. Na moto ukiwa wa manjano na sufuria inaota masizi, jiko halipati hewa. Vua vichwa vyake, vioshe, zibua matundu kwa sindano, vikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha.

Sasa bei. Gesi ya mitungi yote, iwe ya kampuni gani, inaletwa kwa meli kutoka nje na inanunuliwa kwa dola. Bei ya marejeo inayotumika sana katika biashara hii ni ile inayotangazwa kila mwezi na Saudi Aramco kwa gesi zake mbili, propeni na buteni. Ikipanda huko, au dola ikipanda, au nauli ya meli ikipanda, kampuni zote zinaguswa. Moja hupandisha wiki hii, nyengine inasubiri mzigo wake wa zamani umalizike. Ndiyo maana uliyemkimbia leo anaonekana ghali, na mwezi ujao mnaonana bei moja. Unafuu wa mwanzo nao mara nyingi ni wa kukuvuta tu, maana duka linajua ukishabadilisha mtungi na regyuleta huna haraka ya kuhama tena.

Kwa hiyo piga hesabu ya kuhama kwa jumla: kuongeza pesa ya mtungi ikiwa wanadai, regyuleta mpya, mpira mpya ikiwa wa zamani haukamati, na nauli ya kuufikisha nyumbani. Gawa jumla hiyo kwa unafuu wa mtungi mmoja. Ikiwa umetumia 24,000 kuhama ili uokoe 3,000, unahitaji mitungi minane kabla ya kupata hata shilingi moja ya faida, na nyumba inayotumia mtungi kwa mwezi itangoja miezi minane ambayo hakuna aliyekuahidi kwamba bei haitogeuka. Ushauri wetu, mama: baki ulipo kama mizani iko sawa na regyuleta inakaa vizuri. Hama pale unapopunjwa uzito, au vali ikiwa mbovu kila mara, au duka likiishiwa gesi kila mwisho wa mwezi. Tofauti ya elfu mbili tatu haitoshi kuwa sababu.

Songosongo ipo hapa hapa kwetu na gesi inachimbwa miaka yote. Vipi mtungi unapanda kwa sababu ya Saudia? — Msomaji, Mwanakwerekwe

Ni gesi mbili mbalimbali. Ya Songo Songo, inayotumika tangu mwaka 2004, na ya Mnazi Bay ni gesi asilia, karibu yote ni metheni. Husafiri kwa bomba hadi kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Haigeuki majimaji kwa kubanwa tu kwenye mtungi wa jikoni. Inataka baridi kali mno, takriban nyuzi 160 chini ya sifuri. Ya mtungini ni propeni na buteni, ambazo hugeuka majimaji kwa presha ndogo, na hizo ndizo zinazoagizwa. Gesi asilia inakufikia wewe Zanzibar kwa njia ya waya, ikiwa imeshageuzwa umeme.

Sisi tuko Wete. Nyumba ina watu saba. Tumeacha makaa tukaingia gesi, sasa gesi imepanda na mume wangu anasema turudi kwenye seredani. Mtoto wangu wa chuo anasema tununue jiko la umeme. Nani yuko sawa? — Bi wa Wete

Bi, kopo la makaa, mtungi wa gesi na tokeni ya umeme ni vitu vitatu vinavyouzwa kwa vipimo vitatu, na muuzaji wa kila kimoja anafaidika na kule kutolinganika. Ulinganishe joto linaloingia kwenye sufuria.

Kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 12.8 za umeme. Jiko la gesi la kawaida linaingiza kwenye sufuria asilimia 55 hivi, nyengine inapanda pembeni. Unabaki na uniti 7 zilizopika kweli. Sahani ya umeme ya koili inaingiza kama asilimia 70, kwa hiyo kupata uniti hizo 7 unatumia uniti 10 za mita. Makaa mazuri, makavu, yana joto la kama uniti 8 kwa kilo, lakini seredani ya bati inaingiza asilimia 20 tu, yaani uniti 1.6.

Basi kariri hivi: kilo 1 ya gesi inapika sawa na uniti 10 za sahani ya umeme, na sawa na kilo 4 na nusu hivi za makaa kwenye seredani ya bati. Ukiwa na seredani iliyojengewa udongo ndani, inayokamata joto vizuri, makaa yanashuka hadi kilo 3.

Tujaribu. Mtungi wa kilo 15 umepanda kutoka 60,000 hadi 66,000. Kilo ni 4,400. Gawa kwa 10, unapata 440. Uniti yako ya umeme ikiwa chini ya shilingi 440, kodi na kila kitu ndani yake, sahani ya umeme ni rahisi kuliko gesi. Sasa gawa 4,400 kwa 4.5, unapata kama 980. Makaa yakiwa zaidi ya 980 kwa kilo, mumeo akirudi kwenye seredani anapata hasara, hata tusipohesabu moshi na macho yako. Lakini makaa yapime kwa kilo! Gunia lina vumbi chini, na makaa yaliyonyeshewa unalipia maji. Mwaga gunia moja, chekecha, pima yanayobaki makavu, ugawe bei kwa kilo hizo. Anayenunua kwa kopo apime makopo kumi. Kopo ndiyo bei ya juu kuliko zote, na wanaonunua kwa kopo ndio wasio na uwezo wa kununua gunia. Jambo hili linatuuma, na hatuna dawa yake ila watu wawili watatu wa mtaa mmoja kuchanga gunia wakaligawa.

Mtoto wako wa chuo yuko karibu na haki, ila asinunue sahani ya koili. Kwa nyumba ya watu saba chombo chenye faida ni sufuria ya presha ya umeme, ya lita 6, yenye wati 1,000. Inafungika, imezungukwa na kikinga joto, na ikishafika presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Maharage nusu kilo yaliyorowekwa usiku kucha kwa kawaida hayali hata nusu uniti. Kwenye sahani ya koili maharage hayo hayo yatakula zaidi ya uniti moja, na kwenye gesi yatakuchukulia saa nzima na zaidi. Kunde, choroko, makongoro, pweza na ngano ya bokoboko, vyote hivi vihamishie huko. Chapati, samaki wa kukaanga na chai ya haraka vibaki kwenye gesi. Wali unapikika kokote. Ukihamisha vyakula vya kuchemka muda mrefu peke yake, mtungi utaona unaenda mbele wiki nyengine.

Nafaka za kuvimba zisipite nusu ya sufuria, vyengine visipite theluthi mbili. Kipete cha mpira cha kifuniko kioshe kila siku. Kikishika mafuta na chembe za chakula presha haikai, na chombo kinabaki kuwaka mfululizo. Kifuniko hakifunguliwi kwa nguvu kabla ya pini ya presha kushuka.

Yale majiko ya umeme ya kioo myatazame vizuri kabla ya kulipa, maana yako ya namna mbili yanayofanana sura. Moja linapasha sufuria kwa sumaku. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa majumbani mwetu, halizitambui kabisa. Chukua sumaku ndogo uibandike chini ya sufuria yako: ikinasa, itafanya kazi. La pili linawaka jekundu ndani ya kioo, linakubali sufuria yoyote, lakini halina unafuu wa umeme kama la sumaku.

Kuhusu waya. Plagi ya pini tatu za bapa ina fyuzi ya ampia 13, yaani karibu wati 3,000 kwa volti 230. Sufuria ya presha haina tatizo. Jiko la wati 2,000 lisichomekwe kwenye waya wa kuongezea ulionunuliwa kwa bei ya chai. Waya wa ndani huwa mwembamba, unapata moto, na soketi inaanza kuwa kahawia. Chomeka ukutani moja kwa moja, kwenye soketi iliyovutiwa waya wa milimita za mraba 2.5. Na volti zikiwa zimeshuka jioni, kwa mfano 200 badala ya 230, koili inatoa robo tatu tu ya nguvu yake. Chakula kitachelewa. Mita haijakuibia, inahesabu kidogo kwa muda mrefu zaidi.

Gesi msiiuze. Pemba kwenu umeme wake unakuja kwa waya mmoja chini ya bahari kutoka Tanga, uliowashwa mwaka 2010. Waliokuwepo Unguja mwezi wa Mei 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa wiki kadhaa, na mara ya pili kwa miezi. Mtungi mmoja mdogo uliojaa na seredani nzima viwepo daima.

Binti yangu anaishi Uingereza. Anasema kule ukiona umeme ghali unahama kampuni kwa simu tu. Yeye kahama, na baada ya muda wamempandishia. Je, kadanganywa? Na kwa nini sisi hatuwezi kuhama? — Mzee wa Mkunazini

Mzee wetu, huenda hakudanganywa, ila aangalie alisaini nini. Katika England, Scotland na Wales waya na nguzo hazibadiliki mtu anapohama. Kinachobadilika ni kampuni inayomuuzia na kumtoza. Mikataba ni ya namna mbili kubwa. Wa bei iliyofungwa, kwa mwaka mmoja au miwili, ambapo bei ya uniti na ada ya kila siku havipandi mpaka muda wake uishe. Na wa bei inayopanda na kushuka, ambao una kikomo kinachowekwa na mdhibiti wao, Ofgem. Kikomo hicho kilianza Januari 2019, na siku hizi kinapitiwa kila miezi mitatu. Wengi wanakifahamu vibaya: kinafunga bei ya uniti na ada ya siku, hakifungi jumla ya bili. Anayetumia zaidi analipa zaidi.

Mwambie binti afungue bili aangalie ni kipi kilichopanda. Kama ni bei ya uniti ilhali mkataba ni wa kufungwa na haujaisha, alalamike kwa maandishi. Kama mkataba umeisha, kampuni imemtupa kwenye bei ya kawaida, na anaweza kuhama tena. Kama kilichopanda ni yale makato ya kila mwezi benki, huenda bei haijaguswa kabisa: kampuni ilikisia matumizi yake, au alihama bila ya kupeleka namba za mita. Siku ya kuhama mtu anapiga picha mita na kupeleka namba hizo kwa kampuni zote mbili. Ana siku 14 za kubadili mawazo baada ya kusaini, na katika siku 49 za mwisho za mkataba wa kufungwa haruhusiwi kutozwa faini ya kuondoka.

Kwetu muuzaji wa umeme ni mmoja, Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, na sehemu kubwa ya umeme wake unanunuliwa TANESCO na kuvukishwa chini ya bahari. Kwa Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, waya wa kwanza ukiwa wa mwaka 1980 na wa pili, wa megawati 100, ukazinduliwa 2013. Hakuna kampuni ya pili ya kukimbilia. Kinachosimama mahali pa ushindani ni mdhibiti, ZURA, aliyeundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, ambaye ndiye anayeidhinisha bei. Kwa hiyo anayeona umeme ghali Zanzibar hahami muuzaji. Anahamisha kazi: hii kwa umeme, ile kwa gesi, ile kwa jua.

Nikinunua Tukuza (umeme wa kulipia kabla) ya 20,000 mara napata uniti nyingi, mara chache. Na zinaisha mbio kuliko zamani. Mita imeharibika? — Msomaji, Fuoni

Tafuta risiti zako tatu za mwisho, uzipange kwa tarehe. Kwenye kila moja gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Ikiwa bei inatofautiana ndani ya mwezi mmoja, soma mistari ya makato: kodi, na deni kama lipo. Deni la mpangaji aliyekutangulia huweza kukaa kwenye mita, na ukiingia nyumba mpya hilo ndilo la kuuliza kabla ya kulipa kodi ya nyumba. Linganisha pia risiti ya mwanzo wa mwezi na ya mwisho wa mwezi, uone kama mpango wako wa bei unabadilika matumizi yakizidi.

Kujua kama mita ni nzima, fanya jaribio hili mchana, watu wakiwa hawana haja na umeme. Zima swichi kuu ya nyumba. Kile kitaa chekundu cha mita kinatakiwa kisimame. Kikiendelea kupepesa, kuna waya unaotoka baada ya mita kwenda kwengine kabla ya kufika kwenye swichi yako, na hilo ni la fundi wa shirika, si la kulichokoa mwenyewe. Kikisimama, washa tena swichi kuu lakini chomoa kila kitu, uache kimoja unachojua wati zake, mfano sahani ya wati 1,000. Mita imeandikwa usoni idadi ya mipepeso kwa uniti, labda 1,000. Kwa dakika sita sahani hiyo itakula sehemu moja ya kumi ya uniti, kwa hivyo hesabu mipepeso 100. Ukipata 90 au 105 mita iko sawa. Volti ndizo zinazopishana. Pasi haifai kwa jaribio hili kwa sababu inajizima yenyewe ikishapata moto. Ukipata 150, andika barua ukiomba mita ipimwe, ambatisha namba zako, chukua namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Wakikaa kimya, barua hiyo hiyo na namba hiyo ndiyo unayoipeleka ZURA.

Mara nyingi lakini anayekula ni friji. Bana karatasi kwenye mlango wake uivute. Ikitoka bila ya kushikwa, mpira umelegea na friji inafanya kazi usiku na mchana. Iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Nyuma yake futa vumbi. Kwa nyumba zilizo karibu na pwani, chumvi inashikana na vumbi na kufunika mabomba ya joto kama saruji.

Tuko wapangaji watatu, mita moja. Baada ya bei kupanda mwenye nyumba kazidisha mchango wa kila mmoja kwa nusu. Tufanyeje? — Mpangaji, Jang'ombe

Mwombeni kwa adabu muone risiti za mwezi mzima. Jumla ya pesa gawa kwa jumla ya uniti. Hiyo ndiyo bei ya haki. Kisha fungeni mita ndogo, moja kwa kila mlango, gharama mgawane. Kila mwisho wa mwezi someni pamoja, mpige picha. Jumla ya mita ndogo itakuwa pungufu kidogo kuliko mita kubwa, kwa sababu ya taa ya ukumbini na pampu ya maji. Hicho kigawanywe kwa usawa. Pampu ya nusu farasi inayofanya kazi saa moja kwa siku haifiki uniti 20 kwa mwezi, kwa hivyo mtu akiwaambia pampu ndiyo inayomaliza umeme, mjue hesabu haijapigwa.

Nikisikia gesi itapanda, ninunue mitungi mitatu niweke ndani? Nyumba yangu ni ya ghorofa Mji Mkongwe. — Msomaji

Mmoja wa akiba unatosha. Gesi haiozi wala haipotei nguvu, lakini nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi za mbao, njia moja ya kutokea na vyumba visivyo na dirisha la chini. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa inayopita sakafuni, mbali na shimo la maji machafu, na usiwe chini ya ngazi wala chumba cha kulala. Kitako chake kiwekwe juu ya ubao. Sakafu ya chokaa yenye unyevu inakula chuma. Na hesabu yenyewe: mitungi miwili ya ziada ikikuokolea 6,000 kila mmoja ni 12,000, mara moja tu, ilhali pesa zaidi ya laki moja zimelala ukumbini.